Bafa ya pH 5.0 inasoma 4.70, kosa liko wapi?

Chumbageni: Habari za humu wakuu. Nipo Tanga mjini, maabara ya shule, haina kiyoyozi, joto 31. Nimetengeneza lita moja ya bafa (mchanganyiko unaozuia pH isiyumbe) ya asetati 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita: sodiamu asetati gramu 5.21, asidi asetiki kali mililita 2.1, nikajaza maji hadi alama. Hesabu inatoa 5.0, mita inasoma 4.70. Mita nimeisawazisha kwa 4 na 7. Ni hili joto?

Ngamiani Kwetu: Joto lisikusumbue, asetati haiyumbi nalo. Ingekuwa Trisi, bafa nyingine ya maabara, sawa, pH ya ile hushuka karibu 0.03 kwa kila digrii joto likipanda. Soma kibandiko cha kopo. Kama uzito wa moli ni 136.08, chumvi yako ina maji ndani ya fuwele, 5.21 ni kipimo cha ile kavu, ya 82.03. Umetia moli 0.038 badala ya 0.0635, kwa hiyo chumvi na asidi zimekaribia kulingana, na zikilingana pH huangukia kwenye pKa (namba ya nguvu ya asidi), 4.76. Usimwage, ongeza gramu 3.43 za chumvi hiyohiyo.

Chumbageni: Kweli, 136.08! Nimeongeza, sasa 4.91. Na hiyo 0.09 iliyobaki?

Raskazone: Hapo hujakosea mkuu. Fomula ya kukokotoa pH huchukulia kila ioni iko huru, kumbe kwenye 0.1 M zinavutana na pKa ya kazini hushuka hadi 4.67 hivi. Tia alkali, NaOH 1 M, kidogo kidogo huku ukikoroga, itakula mililita 4 au 5. Siku nyingine yeyusha kwenye mililita 800, rekebisha pH, ndipo ujaze hadi alama.

Chumbageni: Shukrani. Kidato cha sita wataniuliza kwa nini pH ya bafa haiyumbi ukitia asidi.

Ngamiani Kwetu: Waonyeshe. Mililita 100 za bafa, tia mililita 1 ya HCl 1 M: 5.0 inakuwa 4.8. Maji yaliyokenekwa, kiasi hichohicho, yanaporomoka hadi 2. (Yakisoma 5.6 kabla hujatia kitu usishtuke, ni kabonidayoksaidi ya hewani.) Ndani ya bafa kuna milimoli 6.8 za asetati. Zinadaka ile milimoli moja ya H⁺ na kugeuka asidi asetiki, ambayo ni bahili wa kuachia protoni. Maji hayana wa kudaka. Endelea kutia: ukifika mililita ya saba asetati imekwisha, na bafa nayo inaporomoka kama maji.