Tupeane uzoefu: keria ya kubebea kayaki juu ya gari, hapa Nairobi

Kasia Kavu (Rongai)

Wadau, swali la "keria gani nzuri ya kayaki" (ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) haliishi, na majibu yake huwa ni majina ya kampuni tu. Mtu anaambiwa Thule, anajinyima mpaka anainunua, akifika nyumbani anakuta haishiki popote kwenye paa lake. Kwa hiyo tuseme hapa: una gari gani, kayaki gani, umefunga nini, unapita barabara gani. Picha si lazima.

Naanza mimi. Gari ni Forester ya 2010, ile yenye reli zilizoinuka pembeni mwa paa. Reli hizo ni neema, maana vyuma viwili vya kukingama vinazishika moja kwa moja na unavisogeza utakavyo. Vyangu vimeachana sentimita 80 hivi. Watu hupuuza umbali huo, lakini kayaki yangu ina mita 4, na vyuma vikikaribiana sana inachezacheza mbele na nyuma kila ukivuka tuta. Matuta ya huku kwetu mnayajua.

Naifudikiza, tundu la kukalia linaangalia chini, kwa sababu kingo za juu ni ngumu kuliko tumbo la chombo na plastiki haibonyei. Vyuma nimevivisha zile sponji nyeusi ambazo mafundi wa AC hufunikia mabomba. Zinashika vizuri na mvua haiziharibu haraka.

Kuhusu uzito, kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani kitupu, lakini tarakimu ni tarakimu. Tafuta ukurasa wenye mchoro wa paa, usome palipoandikwa kg. Hesabu hiyo ni ya keria na mzigo pamoja. Gari nyingi ndogo huruhusiwa kati ya kilo 50 na 75, na kayaki ya plastiki ya mtu mmoja huwa kilo 20 hadi 30. Moja haina neno. Mbili, kaa chini upige hesabu.

Demio ya Donholm

Mimi paa langu ni tupu, halina reli wala mfereji. Wauzaji wawili wa Kirinyaga Road waliniambia haiwezekani, ninunue gari lingine!

Inawezekana. Kuna keria zenye miguu inayokalia paa na kulabu bapa inayoingia ndani ya ukingo wa mlango, halafu unakaza kwa skrubu. Ila kulabu hiyo hutengenezwa kwa umbo la gari fulani, na hapo ndipo wengi hukwama: wanatafuta "Demio" kwenye orodha za kampuni za Ulaya wala hawaioni. Nje ya Japani gari hili liliuzwa kwa jina la Mazda2. Wenye Honda Fit tafuteni Jazz. Hakikisha mwaka na umbo la mwili ni lile lile, si jina tu.

Kayaki yangu ni ya mtoni, mita 2.6, fupi na nene. Paa la Demio haliruhusu vyuma kuachana sana, lakini kwa chombo kifupi hivyo inatosha. Njia yangu kubwa ni Thika Road hadi Sagana, kwenye maji ya Tana. Kabla ya kufunga miguu napangusa paa kwa kitambaa chenye maji, hasa ile sehemu raba inapokalia. Vumbi jekundu likibaki chini ya raba linakwangua rangi kama msasa. Nikivuka Thika nasimama kandokando, nashika kila mguu na kuutikisa. Skrubu mpya hulegea kidogo kwenye kilomita za kwanza.

Fundi wa Kariobangi

Nimesoma na nimefurahi, maana huwa naletewa gari na mtu ananiambia tu "nichomelee keria". Keria ya nini? Ya viazi na ya kayaki si moja.

Kwanza, ile keria kama kitanda, yenye ngazi nyuma na vyuma pande zote, ni ya matatu na ya safari za porini. Ukiitengeneza kwa chuma inaweza kupita kilo 30. Sasa paa likiruhusu 75, umebakisha nini? Kwa kayaki unahitaji vyuma viwili tu vya kukingama na miguu minne imara.

Natumia bomba la mraba, unene wa gauge 16. Ncha naziziba kwa vifuniko vya plastiki. Zikibaki wazi zinapiga mluzi barabarani, na mvua ikiingia kutu inaanzia ndani ambako huoni. Pembe zote napitisha tupa mpaka kidole kiteleze. Mkanda ukisuguana na pembe yenye makali kutoka hapa hadi Naivasha, unafika umebaki nyuzi.

Gari zenye mfereji wa mvua ukingoni mwa paa, kama Land Cruiser 70 na Hiace, ndizo rahisi kuliko zote. Mguu unaung'ata mfereji, tunafunga bolti, kwisha. Kutoboa paa mimi nakataa, hata ukiongeza pesa. Tundu likivuja litakula bati taratibu, na siku ukitaka kuuza gari mnunuzi atainua kitambaa cha ndani alione.

Mama Kafi (Lang'ata)

Nyinyi wote mnaongea kama mna mtu wa kushika upande wa pili. Mimi naenda Naivasha peke yangu, naondoka alfajiri ili niwe majini kabla upepo wa mchana haujaamka, na saa hiyo hakuna wa kumwomba msaada. Gari ni Prado, mimi ni mfupi.

Sinyanyui kayaki nzima. Nina kipande cha zulia kuukuu chenye mpira chini. Nakitandika ukingoni nyuma ya paa, kinaning'inia mpaka juu ya kioo. Nailaza kayaki chini nyuma ya gari, nainua pua naiegemeza kwenye zulia, halafu narudi mkiani, nainua na kusukuma. Inateleza yenyewe hadi chuma cha kwanza. Wakati wote huo nabeba nusu ya uzito tu. Kwa kufunga mikanda nina kistuli cha plastiki. Kusimama kwenye kizingiti cha mlango nimekataa, kinateleza kikiwa na umande.

Kina dada wenye gari refu, kabla ya kununua keria yoyote jaribuni kwanza kuipandisha kayaki. Na jambo lingine: maegesho ya chini ya ardhi. Pale mlangoni unakuta kile chuma kinachoning'inia kimeandikwa mita 2.1. Ukishazoea kuingia bila kutazama, siku una kayaki juu utajikuta umeziba mlango, nyuma yako foleni, na askari wa geti anakupigia makofi urudi nyuma.

Kasia Kavu (Rongai)

Dada, hapo umegusa kitu. Ile mikono yenye umbo la J, inayobeba kayaki ikiwa imesimama ubavu, inasifiwa sana kwa kuwa mbili zinaenea sambamba. Lakini tuhesabu: Forester ina kama mita 1.7, keria sentimita 10, kayaki iliyosimama ubavu sentimita 65. Hiyo ni karibu mita 2.45. Na ubavu wote ule unapokea upepo. Kwa kayaki moja sioni faida yake.

Taniboi Mstaafu (Mlolongo)

Nimefunga mizigo Mombasa Road miaka mingi, niseme habari ya kufunga.

Blada iacheni kwa boda boda. Mpira wa tyubu unanyumbuka, na mzigo ukinyanyuliwa na upepo, mpira unaufuata. Ya kuongezea kushikilia kafi sawa. Kushika kayaki, hapana.

Racheti nazo, ile mikanda ya kukazwa kwa mkono wa chuma, vijana wanazipenda kwa ile krr krr. Zile ni za mashine na mbao. Ukiikaza kwenye plastiki nguvu yote inaenda kwenye tumbo la chombo. Asubuhi Limuru kuna baridi plastiki ni ngumu, mchana Mai Mahiu jua linawaka plastiki inalainika, basi inabaki na bonde. Tumia mkanda bapa wenye bizimu ya kubana, ule unaovuta kwa mkono. Nguvu ya mkono wako yatosha. Bizimu yenyewe ivalishe kitambaa isigonge gari unapourusha mkanda upande wa pili. Mkanda uupitishe juu ya kayaki, uzunguke chini ya chuma, urudi juu. Uzunguke chuma chenyewe ndani ya miguu ya keria, usiishie kwenye reli.

Na uutie msokoto mmoja kabla ya kukaza. Mkanda ulionyooka bapa ukipigwa na upepo unanguruma hadi kichwa kinauma.

Demio ya Donholm

Mzee wangu, ule mngurumo nilidhani ni beringi ya gurudumu! Asante.

Mpwani South B

Nina kayaki ya baharini, mita 5 na kidogo, juu ya Fielder. Naipeleka Kilifi kila likizo. Mikanda miwili ya katikati haitoshi kwa chombo kirefu hivyo. Omo na tezi lazima zifungwe kivyake, kamba moja kwenda mbele na nyingine nyuma. Ukipishana na trela kule Mtito Andei lile pigo la upepo linaisukuma pua ya kayaki juu, na bila kamba ya mbele nguvu yote inaishia kwenye miguu ya keria.

Mahali pa kufungia: bampa ina kifuniko kidogo cha mraba. Kibandue, ndani kuna tundu lenye nyuzi. Kile chuma chenye pete kilichohifadhiwa karibu na jeki ndicho kinachoingia hapo. Wengi wana gari tangu litoke bandarini wala hawajakigusa. Usipokiona, fundi anaweza kukutilia vitanzi viwili vya mkanda chini ya bolti za ukingoni, ndani ya boneti. Ukienda safari vinachomoza nje, ukirudi unavilaza ndani.

Kamba hiyo usiikaze mpaka kayaki ijipinde. Iwe imenyooka tu. Mkia wa ziada ufungwe wote, kwa sababu kamba ikidondoka mbele ya gurudumu inavutwa chini na kayaki inavunjika pua. Faida nyingine ni kwamba naiona kutoka kwenye usukani. Ikianza kucheza nasimama. Nyuma naning'iniza kitambaa chekundu mkiani, maana pikipiki za mjini hukukaribia mpaka bampa.

Umoja Inner Core

Mimi yangu ni ya kujaza upepo, inaingia kwenye buti na pampu yake. Nawasoma tu nikinywa chai.

Mama Kafi (Lang'ata)

Kunywa, ndugu yangu, lakini Naivasha tukutane kabla ya saa tatu asubuhi. Upepo wa mchana unaichezea hiyo yako kama nailoni.

Mgeni wa Ruaka

Niko nyuma yenu wote. Nina Noah, paa tupu, na kayaki ya mita 3.5 ya mitumba. Swali dogo: keria ikishafungwa, mnaiacha juu wiki nzima au mnaitoa?

Kasia Kavu (Rongai)

Toa. Inakula mafuta na kupiga kelele hata ikiwa tupu, na gari likilala nje usiku, kesho utaikuta inauzwa. Kama huwezi kuitoa kila mara, tafuta yenye kufuli kwenye miguu.

Fundi wa Kariobangi

Yangu naweza kukutilia nati za ufunguo maalumu. Lakini Mgeni, paa la Noah ni refu na la juu, kwa hiyo miguu lazima nipime mwenyewe. Njoo Jumamosi asubuhi, na uje na hiyo kayaki. Sipimi kwa picha ya simu.