Gamay ya 2009 imeharibika au ndio ilivyo?

mtoto_wa_Tanga

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie maana kwenye waini mimi ni mgeni kabisa, nyumbani nilikuwa mtu wa bia mbili za Jumamosi basi. Niko Ufaransa, Villefranche, hapo kaskazini ya Lyon, kuna mzee nilikuwa namsaidia kupasua kuni na kufyeka uwanja wake, sasa anahamia kwa binti yake akanipa chupa mbili za Morgon. Lebo imeliwa na unyevu upande mmoja ila mwaka unasomeka, 2009. Akaniambia hizi ni Gamay, yaani ndio aina ya zabibu yake, usizichezee, akacheka.

Basi Jumapili nikafungua moja. Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati la jikoni kama wiki tatu hivi, kizibo kikakatikia katikati nikakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko nikamimina. Nilitegemea rangi ya zambarau kumbe pembeni ya glasi inaelekea rangi ya tofali, harufu kama majani yaliyolowa na ngozi ya kiatu, mdomoni hamna utamu hata kidogo, na glasi ya mwisho chini ina matope kabisa. Mama watoto akaonja akatema akasema hii ni siki. Tulikuwa tunakula pilau na kachumbari ya pilipili kichaa. Iliyobaki ikaishia kwenye mchuzi wa nyama.

Sasa swali, ilikuwa imekufa? Na hii ya pili niitupe? Maana huku supamaketi Gamay nyingi naona ni za mwaka jana na mwaka juzi tu.

Ngosha_77

Tupa mkuu. Gamay ni ya kunywa ikiwa changa, ndio maana kila mwaka Alhamisi ya tatu ya Novemba wanafungua Beaujolais Nouveau iliyotoka shambani vuli hiyohiyo, inanukia ndizi mbivu na bablishi, unaiweka friji kidogo unakunywa kama juisi. Wewe umekunywa maiti.

Bukavu_mu_Lyon

Ngosha pole pole ndugu, usimwambie mtu atupe Morgon ya 2009, utalia siku ukijua umetupa nini. Miye nafanya kazi mu restora hapa Lyon mwaka wa nane sasa, hizo chupa tunafungua.

Unachosema wewe ni kweli kwa Nouveau tu. Ile harufu ya ndizi inatokana na namna wanavyoitengeneza, vichala vizima vinaingia kwenye tangi lililofungwa lenye hewa ya ukaa, zabibu inaanza kuchacha yenyewe ndani ya ganda lake, na kwa Nouveau baada ya siku chache tu wanakamua. Lakini ndani ya Beaujolais, yaani eneo hili la waini kaskazini ya Lyon, kuna vijiji na vilima kumi vyenye jina lake kwenye lebo, Morgon, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chénas, Juliénas na wenzake, na hao hata sheria haiwaruhusu kuuza Nouveau. Huko zabibu zinakaa tangini muda mrefu zaidi, wengine wanaiweka waini kwenye mapipa ya mbao, na udongo ni wa mawe. Morgon ina kilima kinaitwa Côte du Py, mwamba wake umeoza unauvunja kwa mkono, wenyewe wanauita hivyohivyo, mwamba uliooza. Na 2009 ulikuwa mwaka wa jua, zabibu ziliiva vizuri kweli.

Waini kama hiyo ikikaa, tunda linarudi nyuma na ukakasi unalainika. Wafaransa wana hata kitenzi chake, wanasema ime-morgonner, wengine wanasema inaanza kujifanya Pinot Noir, ile zabibu nyekundu ya Burgundy, kaskazini yetu. Hapo ndipo ninapocheka mimi, maana mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru Gamay ing'olewe kwenye mashamba yake akaiita mmea mbaya tena msaliti, ndio ikabaki huku kusini. Leo msaliti akizeeka wageni wangu wanamdhania ni Burgundy.

Sasa mtoto wa Tanga, hayo uliyoyataja, tofali, majani yaliyolowa, ngozi, matope chini, yote ni uzee wala si ugonjwa. Iliyoharibika utaijua. Ikinuka boksi lililolowa maji, hilo ni tatizo la kizibo. Ikinuka rangi ya kucha au siki ya kukuchoma pua, hiyo kweli imekwenda. Kosa ni wiki tatu juu ya kabati la jikoni kwenye joto, tena ukaitikisa, ukaipa pilipili kichaa ipigane nayo. Waini ya umri ule na pilipili haiwezekani, umempandisha babu ulingoni.

Ya pili isimamishe wima siku mbili mahali pa baridi, matope yashuke. Kizibo usitumie ile skrubu, tafuta kifungulio cha miguu miwili kinachopita kwenye ubavu wa kizibo. Mimina taratibu kwa mkono mmoja bila kusimamisha chupa, washa tochi ya simu nyuma ya shingo, ukiona wingu linakuja acha. Joto kama nyuzi 15 hivi. Usiihukumu kwa glasi ya kwanza. Pika kuku na uyoga, chumvi kidogo, pilipili hapana.

Wanjiku_wa_Brussels

Aki nimecheka hapo kwa mpini wa mwiko 😂 Lakini Bukavu amesema ukweli. Mimi nilipewa Moulin-à-Vent ya zamani kwa harusi fulani nikaona ni chai baridi, nikaiwacha kwa meza nikaenda kudensi, kurudi baada ya nusu saa nikapata ni kitu ingine kabisa. Nilitafuta mwenye alikuwa amekunywa glasi yangu akaweka ingine lol.

mtoto_wa_Tanga

Wakuu nimerudi. Jana nimefungua ya pili, kifungulio cha miguu miwili nimeazima kwa jirani, kizibo kimetoka kizima, cheusi chini kama mkaa na kimelowa hadi nusu.

Nusu glasi ya kwanza nikaona yaleyale, majani, udongo, nikasema haya tumeliwa tena. Nikaiacha nikaenda kugeuza kuku. Kurudi dakika ishirini baadaye naapa ilikuwa imeamka, kuna harufu ya cheri iliyokaushwa, kama maua yaliyonyauka hivi, halafu nyuma yake kitu cha karafuu nikakumbuka jamvi la bibi. Mdomoni nyepesi lakini haiondoki, ule uchachu wake unakufanya ule kuku zaidi, ukakasi hamna kabisa, inateleza tu. Utamu bado hamna ila sikuutafuta tena. Mama watoto safari hii hakutema, alisema inafanana na chai ya rozela iliyopoa, kisha akasogeza glasi kwa mara ya pili bila kusema neno.

Baada ya saa moja na nusu hivi ikaanza kushuka, cheri ikapotea ikabaki udongo na uchachu, kwa hiyo sio ya kuacha kwa ajili ya kesho. Kilichoniuma ni ile ya kwanza iliyoingia kwenye mchuzi.

Ngosha_77

Sawa nimekubali kwa Morgon. Ila mchuzi huo ulikuwaje?

mtoto_wa_Tanga

Mtamu balaa, watoto walilamba sahani.

Bukavu_mu_Lyon

Mungu wangu. Huyo mzee ameshahama au bado yuko?