Bulbaa ya chuma, ya aluminiamu au bomba moja: ipi ifungwe kwa njia ya Magu–Lamadi?

Mdau_Kisesa
Wakuu, salaam. Nataka kufunga bulbaa, yaani ngao ya mabomba ya mbele ya gari. Gari ni Hilux ya 2008, kabini mbili, yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofyatuka ajalini). Inapita Magu hadi Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, usiku pia, kisha inaingia barabara za vumbi. Ng'ombe na punda ndio hofu kubwa. Zipo bulbaa tatu: ya chuma ya kuchomelewa hapa mjini, ya aluminiamu iliyotumika, na ile ndogo ya bomba moja. Ipi inafaa, na masharti ya kufunga ni yapi?

Fundi_Mabatini
Mkuu, kabla ya bomba angalia mikono, yaani vishikizo vinavyounga bulbaa na gari, maana ndiyo inayobeba kila kitu. Iwe ya bamba la milimita 8, ifungwe kwenye ncha za chesisi (fremu ya chuma ya chini ya gari) kwa bolti za M12 (unene milimita 12), angalau tatu kila upande. Kichwa cha bolti kiwe na maandishi 8.8, yaani daraja la uimara, isiyo na namba rudisha dukani. Weka washa pana na nati za kujikaza, kaza kwa spana ya kupima nguvu kufikia Nm 80 hivi, halafu kaza tena baada ya kilomita 500, kwa sababu rangi iliyobanwa katikati hubonyea na bolti hulegea.

Fundi akitaka kuchomelea mikono kwenye chesisi, kataa. Moto hudhoofisha chuma pembeni mwa mshono, na kwenye barabara yenye mikunjo kama bati ufa huanzia hapo hapo. Bulbaa ichomelewe ikiwa chini, siyo juu ya gari. Ikilazimu kugusia kidogo garini, toa waya hasi wa betri kwanza.

Acha pia nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati ya bulbaa na bodi. Bodi ya Hilux imekaa juu ya raba na inacheza, bulbaa haichezi. Ukiibana, itakula fenda.

Dereva_Nyakato
Nauliza kwa faida ya wengine: Noah na Probox je?

Fundi_Mabatini
Hazina chesisi ya kujitegemea. Bulbaa nzito itashikilia mabati membamba, na ikigongwa inayavuta yote. Huko usifunge.

Mama_Usagara
Kwenye uzito nina la kuongeza. Bulbaa ya chuma yenye kilo 60 haiongezi kilo 60 tu kwenye ekseli ya mbele. Hilux hiyo ina mita 3.085 kati ya ekseli. Mzigo ukining'inia sentimita 80 mbele ya ekseli, mbele inabeba karibu kilo 76 na nyuma inapungukiwa 16. Pua inashuka, taa zinamulika karibu, breki ya ghafla inainamisha gari zaidi. Kwa hiyo hesabu bei ya koili (springi) ngumu za mbele pamoja na bulbaa, kisha taa zipangwe upya.

Aluminiamu inaweza kuwa nusu ya uzito huo, ila ikipasuka si kila kibanda kitaitengeneza. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyezoea. Kagua iliyotumika kwenye kona za mishono na kuzunguka matundu ya bolti. Inapogusana na mkono wa chuma weka raba, la sivyo unyevu wa huku ziwani utaila.

Bomba moja huokoa grili na taa kwa mbuzi tu. Ng'ombe akipigwa miguu, mwili unapanda boneti mpaka kioo cha mbele. Kwa njia yako inatakiwa bulbaa yenye upinde unaofika usawa wa ukingo wa boneti. Kiboko hana bulbaa inayomtosha. Hapo dawa ni mwendo.

Mkaguzi_Igoma
Masharti: pleti namba isomeke yote, taa na indiketa zisizibwe, kusiwe na kitu kinachochomoza au chenye ncha. Sehemu ya juu isitangulie mbele kuliko ya chini, na kingo zote zisuguliwe ziwe mviringo wa milimita 5. Hii ni kwa ajili ya watoto na waendesha baiskeli wa Kisesa na Magu. Chuma kigumu kinampiga mtu kichwani au kiunoni bila kubonyea, na hilo ndilo lililoifanya India kuzipiga marufuku bulbaa Desemba 2017. Australia inaziruhusu, ila kwa kiwango chao cha AS 4876.1, na zisivuruge eabegi.

Mdau, eabegi yako izingatie. Sensa yake (kihisi cha mgongano) imepimwa kwa jinsi pua ya gari inavyobonyea. Mkono usiobonyea kabisa hubadilisha muda wa kufyatuka. Tafuta mikono iliyotengenezwa kwa modeli yako, na mjulishe bima kwa maandishi.

Mdau_Kisesa
Basi aluminiamu yenye upinde, kama mishono ni mizima. Isipokuwa mizima, nitachukua chuma pamoja na koili. Hiyo ya chuma nipake nini?

Fundi_Mabatini
Sugua mpaka chuma cheupe, redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili, ndipo rangi. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba. Maji yakikaa ndani, bomba huoza huku nje linang'aa.