Naombeni ushauri: nikatangazwe muflisi au niendelee kupambana na haya madeni?

Kifaurongo:
Habari zenu wakuu. Matusi nitayavumilia, ila naomba yaje na ushauri ndani yake.

Nimeajiriwa, nina mke na watoto wawili. Pembeni nilikuwa na biashara na mshirika. Mshirika akaondoka na wateja, biashara ikafa, madeni yakabaki kwa jina langu maana kila karatasi nilisaini mimi. Nchi sitaitaja wala kiasi, kuna watu humu wakisoma mistari miwili tu watanijua. Itoshe kusema nikijumlisha yote yanafika mishahara yangu ya miaka miwili, na marejesho ya kila mwezi yanakula zaidi ya nusu ya mshahara kabla sijalipa pango wala ada za shule.

Kuna mkopo wa benki wa ile biashara, mdhamini ni dada yangu mkubwa. Kuna gari la mkopo, kadi yake iko kwa mkopeshaji. Kuna mikopo ya kwenye simu, hii nilikuwa nachukua mmoja kulipa mwingine. Kuna kodi ya biashara. Na kuna pesa ya rafiki yangu, alinipa mkononi bila maandishi.

Simu siku hizi nailaza kifudifudi. Juzi wamempigia bosi wangu wakamwambia mimi ni tapeli.

Jamaa mmoja kanishauri niombe mahakama initangaze muflisi, anasema madeni yote yanafutwa naanza upya. Ni kweli? Nina kiwanja kidogo, nafikiria kukihamishia kwa kaka kabla ya kuomba. Na rafiki yangu nimlipe kwanza, maana yeye ana watoto, benki haina. Nikosoeni.

Kunguru Mweusi:
Kukopa harusi, kulipa matanga. Pole sana mkuu.

Mwanasheria wa Jioni:
Mkuu, kiwanja kiache hapohapo kilipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo litakalokutia matatani kuliko deni lenyewe.

Ukitangazwa muflisi, mali zako zinaingia mikononi mwa msimamizi, na kazi yake mojawapo ni kutazama ulichofanya kabla ya kuomba. Uhamisho wa bure, au kwa bei ya kutupa, anaweza kuiomba mahakama iutengue. Uingereza anaruhusiwa kurudi nyuma hadi miaka 5. Kumlipa rafiki huku wengine umewanyima nako kuna jina lake: upendeleo kwa mdai mmoja. Uingereza wanatazama miezi 6 ya nyuma, na ikiwa aliyelipwa ni ndugu au mtu wako wa karibu inakuwa miaka 2. Marekani ni siku 90, kwa ndugu mwaka 1. Kwa hiyo unaweza kumlipa rafiki leo, kesho akaandikiwa barua arudishe. Hapo utakuwa umemsaidia au umemponza?

Kuhusu kufutwa, jamaa yako amekudanganya nusu. Deni lenye kitu nyuma yake, kama gari lako, ukitangazwa muflisi mwenye kadi bado ana haki ya kulichukua gari. Matunzo ya mtoto, faini za mahakama na madeni yaliyotokana na udanganyifu kwa kawaida hubaki palepale. Kodi inategemea nchi: Uingereza huingia kwenye ufilisi kama madeni mengine, Marekani kodi ya mapato ya miaka ya karibuni kwa kawaida haifutiki.

Muda nao haufanani. Uingereza kwa kawaida unaachiliwa baada ya miezi 12. Kenya, kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, ni miaka 3 tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni yako, kama hakuna aliyepinga. Tanzania, Sheria ya Ufilisi Sura ya 25, huachiliwi kwa kuhesabu kalenda, ni lazima uiombe mahakama. Ndiyo maana anayekushauri bila kukuuliza uko nchi gani, msikilize kwa sikio moja.

Tabasamu Langu:
Jina lako litatoka kwenye gazeti la serikali, unalijua hilo? Mimi ningehama mji.

Kifaurongo:
Mwanasheria, Mungu akubariki. Kiwanja nilikuwa nimeshaongea na kaka, leo nimemwambia asimame. Lakini hujamgusa dada. Nikitangazwa, na yeye anapona?

Dada Hesabu:
Haponi. Hilo ndilo swali lako hasa, hayo mengine ni mapambo.

Ufilisi unakuachilia wewe. Mdhamini aliahidi kulipa siku ambayo wewe utashindwa, na siku hiyo ukienda mahakamani unakuwa umeitangaza mwenyewe. Benki itageuka na kumtazama yeye.

Kwa hiyo kabla hujaendelea, chukua karatasi. Andika madeni yote, kisha mbele ya kila moja andika kinachosimama nyuma yake: kitu, mtu, au hakuna. Ufilisi unafanya kazi vizuri kwenye yale ya "hakuna". Tuletee sehemu tu, kiasi hatukitaki.

Kifaurongo:
Jana tumekaa na mke wangu mpaka watoto wamelala. Nilikuwa sijawahi kumwonyesha yote.

Benki yenye dhamana ya dada ni karibu nusu ya deni lote. Gari ni kama sehemu ya tano. Mikopo ya simu nilidhani ndiyo mikubwa kwa jinsi wanavyonisumbua, kumbe haifiki hata robo. Kodi na rafiki ndiyo mabaki.

Dada Hesabu:
Unaona sasa. Wanaopiga kelele zaidi ndio unaodaiwa kidogo. Ukitangazwa muflisi leo utakuwa umefuta robo na mabaki, gari limeondoka, kiwanja kimeuzwa, na nusu ya deni umembebesha dada. Mimi hapo sioni faida. Bora uliuze gari mwenyewe kwa makubaliano na mkopeshaji kabla hajampa dalali. Mnadani gari huenda kwa bei ya kuokota, na kinachopungua bado unadaiwa.

Nimeshatoka Huko:
Msimtishe jamani. Mimi nilitangazwa, na sijafa.

Nitakuambia nilichokiona, maana kwenye vitabu hakipo. Ofisa aliniita na kabrasha la taarifa za akaunti yangu. Alikuwa ameshazipitia zote, kila pesa iliyokwenda kwa mtu mwenye jina la ukoo wangu ameipaka kalamu ya njano. Hakufoka. Anaweka kidole kwenye mstari, anauliza, "Huyu ni nani, na hii ilikuwa ya nini?" Kisha mstari unaofuata. Mama yangu alikuwa na mistari mingi, zilikuwa hela za dawa, nikaeleza zikapita. Ningekuwa nimehamisha kiwanja sijui ningetoa jibu gani pale.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni akaunti. Ilifungwa mara tu baada ya amri kutoka, na mshahara ulikuwa umeshaingia. Ilinibidi niandike barua kuomba pesa ya matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo anayeomba atazame tarehe za mshahara, na aulize mapema utaratibu wa pesa ya kujikimu.

Ila simu zilikata. Wadai wanatakiwa kupeleka madai yao kwa msimamizi, hawakugusi wewe. Usingizi niliopata mwezi ule, Tabasamu, hilo gazeti lako la serikali sikuwahi kuona jirani yangu analisoma.

Sikubaliani kabisa na Dada Hesabu kwamba hakuna faida. Kama kipato hakitoshi hata kulipa riba, kila mwezi anaosubiri deni la dada linakua pia.

Dada Hesabu:
Hapo kwenye riba nakubali. Lakini huyu ana mshahara. Wewe ulikuwa nao wa kutosha kujadiliana?

Nimeshatoka Huko:
Kazi ile nilikuwa naelekea kuipoteza. Sawa, umenipata.

Aliyekuwa Mkusanyaji:
Nimekula mshahara wa kukusanya madeni kwa miaka, nichangie upande wa pili wa simu.

Kumpigia bosi ni mbinu ya kukutia aibu ili umlipe huyo kwanza, hata kama ndiye mwenye deni dogo. Andika tarehe, saa na namba, hifadhi na ujumbe. Nchi nyingine zimeshapiga marufuku: Kenya, kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Angalia kwenu kuna nini, kisha lalamika kwa maandishi.

Pili, usiahidi kwa simu. Mtu anakubana, unasema "Ijumaa nitatuma", Ijumaa haina kitu, kwenye kumbukumbu zetu unaandikwa mvunja ahadi na nafasi ya kupunguziwa inakwisha. Andika barua: napata kiasi hiki, nadaiwa na hawa, ninachoweza ni hiki. Wakikubali nusu kumaliza deni, usitume hata senti kabla hawajaandika kwamba ni malipo kamili na hakuna kitakachobaki. Nimeona deni "lililokwisha" likiuzwa kwa kampuni nyingine na mtu akaanza kupigiwa upya.

Mwanasheria wa Jioni:
Na kuna njia ya katikati ambayo hatujaitaja. Badala ya kutangazwa muflisi, unawapelekea wadai wote pendekezo moja la kulipa kidogo kidogo chini ya msimamizi, na likipita linawafunga hata waliokataa. Uingereza linahitaji kukubaliwa na wadai wenye asilimia 75 ya thamani ya madeni ya waliopiga kura. Kenya lipo pia, unaanza kwa kuomba Mahakama Kuu amri ya muda ya kuwazuia wadai. Marekani inayofanana nayo ni Sura ya 13 ya sheria yao ya ufilisi, mpango wa kulipa kwa miaka 3 hadi 5. Mwenye mshahara unaoingia kila mwezi ndiye mtu wake hasa.

Tahadhari ni ileile: mpango huo unaweza usimkinge mdhamini. Kwa hiyo benki izungumzwe peke yake, na dada awepo. Aombe kwa maandishi kwamba hatadaiwa maadamu wewe unalipa kiwango mlichokubaliana.

Halafu soma mkataba wa kazi yako. Zipo kazi na nyadhifa ambazo muflisi haruhusiwi kuzishika. Uingereza huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na Kenya ukiwa hujaachiliwa katiba inakuzuia kugombea ubunge.

Kunguru Mweusi:
Ubunge si ndio angelipia madeni yote sasa.

Kifaurongo:
Kunguru umenichekesha, asante, nilikuwa nahitaji.

Nimeenda kwa dada. Nilidhani anajua hali ilivyo, kumbe alidhani biashara imesimama kwa muda tu. Alinyamaza, akaniuliza barua za benki ziko wapi, nikampa bahasha yote, nyingine hazijafunguliwa. Akazifungua mwenyewe moja moja kwa kisu. Moja ilikuwa imeandikwa kwake.

Tumekubaliana twende benki wote wawili. Gari nalirudisha sokoni, mkopeshaji amekubali nilitafutie mnunuzi. Rafiki nimemweleza kwamba ataingia kwenye orodha kama wengine, hakufurahi. Ufilisi nimeuweka pembeni mpaka nisikie benki inasemaje. Niende na nini?

Dada Hesabu:
Taarifa ya akaunti ya miezi sita, hati za mshahara, ile karatasi ya madeni yote bila kuficha hata moja, na matumizi ya nyumbani ya mwezi. Kiwango utakachotaja kiwe unachoweza mwezi mbaya, usitaje cha mwezi mzuri.

Aliyekuwa Mkusanyaji:
Na jiandae, watakuuliza kama una kiwanja.

Kifaurongo:
Niwafiche?

Mwanasheria wa Jioni:
Usifiche, uongo kwenye maombi ya mkopo au ya ufilisi ni kosa. Sema kipo. Lakini watakuletea karatasi ya kukiweka dhamana ili "wakusaidie" kuongeza muda. Usiisaini siku hiyo. Chukua nakala, mpelekee wakili wa hapo ulipo aisome, kwa sababu ukishasaini kiwanja ni chao kwanza, na siku mpango ukishindikana na ukalazimika kwenda mahakamani, wadai wengine hawatakuta kitu. Dada naye asisaini dhamana mpya yoyote. Ya kwanza inamtosha.