Defender, antivirusi ya kununua au Linux: ipi inafaa kwa kompyuta za steshenari?

Mama Tona, Morogoro
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Nina steshenari karibu na chuo. Kompyuta mbili zina Windows 10, nyingine kuukuu ina Windows 7. Wanafunzi wanaleta flashi kutwa nzima, na msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB ukifika wanaingia kwenye akaunti zao hapahapa. Fundi ananiambia ninunue antivirusi ya leseni kwa kila mashine. Mwanangu anasema Defender inayokuja na Windows inatosha. Mteja mmoja kanishauri nihamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nisahau virusi. Hela ya leseni zote hizo kwangu ni rimu za karatasi. Naombeni mnilinganishie, matusi wekeni pembeni.

Fundi wa Ilala
Mwanao yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Defender ya enzi za Windows 7 ilikuwa inakamata programu za kijasusi tu, ndiyo maana wengi bado wanaidharau. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 ni antivirusi kamili, na kwenye vipimo vya AV-Test na AV-Comparatives, maabara zinazopima antivirusi, inashindana na za kulipia bila aibu. Kwenye leseni unauziwa zaidi vikorombwezo: VPN, kitunza nywila, kudhibiti watoto wasiingie tovuti fulani. Steshenari havina kazi.

Ila nikuulize: hiyo Windows ni ya leseni, au fundi alipiga akaiaktiveti kwa kreki? Vile vijiprogramu vya kuaktiveti vinakutaka uzime Defender kwanza. Mafundi wengi wakishamaliza hawaiwashi, au wanaiamuru isikague baadhi ya folda. Hapo unaona alama ya kijani, unalala usingizi, kumbe mlango wa uani uko wazi. Fungua Windows Security, nenda sehemu ya virusi, ingia kwenye mipangilio yake, shuka hadi chini palipoandikwa Exclusions. Panatakiwa pawe patupu.

Kipanga
Antivirusi ni akili ya mtumiaji. Mimi sina kitu chochote, nimezima hata hiyo Defender maana inanila RAM, kumbukumbu ya mashine. Sibofyi ovyo, sidownlodi ovyo. Mashine inakimbia.

Binti wa Saiba, Mombasa
Kipanga ndugu yangu, WannaCry, kile kirusi cha Mei 2017, haikungoja mtu abofye. Iliingia kupitia tundu la Windows lenyewe, ikatambaa toka mashine hadi mashine kwenye mtandao mmoja, ikafunga mafaili na kudai dola 300 za bitcoin. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka cha tundu hilo Microsoft ilikuwa imekitoa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakuapdeti. Akili yako ingezuia nini hapo?

Na wewe unatumia mashine peke yako. Sisi wenye saiba, anayebofya ni mteja.

Mama Tona, mimi kinachoninyima usingizi kuliko flashi ni nywila. Mtu anaingia KRA ya kodi au eCitizen ya huduma za serikali, kivinjari kinauliza "nihifadhi?", naye anakubali ili amalize aende zake. Siku kirusi cha kuiba taarifa kikiingia, kinakomba nywila zote zilizohifadhiwa pamoja na vidakuzi, yaani vile vijifaili ambavyo tovuti inakukumbukia kwavyo. Vidakuzi vyenyewe ni hatari zaidi, kwa sababu mwizi akivipata anaweza kuingia kama mtu ambaye tayari ameshaingia, bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Dawa yake haina gharama: kwenye Chrome fungua dirisha la mgeni kwa kila mteja. Akilifunga, vidakuzi na historia yake vinaondoka naye. Wafanyakazi wangu walilalamika mwanzoni, sasa wamezoea.

Mama Tona
Hilo la dirisha la mgeni nimelipenda. Na antivirusi za bure kama Avast?

Fundi wa Ilala
Zinakamata, sikatai. Lakini mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kukusanya habari za tovuti ambazo watu wanatembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Tena ukisakinisha nyingine, Defender inajiweka pembeni yenyewe, kwa hiyo hujaongeza mlinzi, umembadilisha tu. Mimi nisingehangaika.

Mzee wa Pengwini
Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, ninaitumia na sitaki kukudanganya: usihamishie steshenari nzima. Kazi ya mwanafunzi iliyopangwa kwenye Word ukiifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, jedwali linaweza kuruka ukurasa, na atakugombeza wewe.

Lakini ile ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, iwekee Mint na uifanye mapokezi ya flashi. Kile kirusi cha "shortcut" kinaficha folda za mtu, kinaweka viungo vya majina yaleyale, ukibofya kinajiendesha kwanza ndipo kinakufungulia folda usishtuke. Kwenye Linux hakipati pa kukanyaga, na folda alizodhani zimepotea mara nyingi unaziona zimekaa palepale. Futa viungo na skripti, hamishia kazi kwenye mashine ya kuprinti. Kwa aliye kwenye Windows, baada ya kuskani flashi, kufichua folda fungua Command Prompt uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako).

Kipanga
Sawa, Binti wa Saiba umenibana. Nimeiwasha. Lakini RAM inaliwa kweli, hilo silifuti.

Fundi wa Ilala
Kingine, Mama Tona. Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupokea orodha za virusi hadi 2028, ila matundu ya Windows yenyewe hayazibwi usipojiunga na mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi mwisho wake ni Oktoba 2026. Kama mashine zinakubali Windows 11, weka hela huko kabla ya kufikiria antivirusi. Kuhusu bando, orodha ya virusi ya Defender unaweza kuipakua mara moja kwenye tovuti ya Microsoft ukaipeleka mashine zote.

Mama Tona
Nimefungua hiyo Exclusions sasa hivi. Mashine moja patupu. Nyingine imeandikwa C:\ peke yake. Ndiyo folda gani hiyo?

Fundi wa Ilala
Hiyo siyo folda, ni diski nzima. Haikaguliwi kitu humo. Iondoe, zima Wi-Fi, kisha chagua skani ya Offline. Mashine itajizima na kuwaka, ipe kama robo saa. Wakati huo badilisha nywila ya barua pepe yako na ya benki kwa simu, usitumie kompyuta hiyo. Ikikuta chochote, nakili kazi za Word na PDF tu, programu usinakili hata moja, halafu upige Windows upya. Na safari hii kaa pembeni ya fundi mpaka amalize.