Kompyuta iliyotumika, bando dogo na watoto wawili: nipate wapi michezo na programu za bure zilizo halali?

Katibu wa Chikongola, Mtwara

Habari za wakati huu, na wakubwa shikamooni.

Baada ya malipo ya korosho nilinunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika, yenye RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 500 na Windows 10. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba imekamilika kila kitu, na kweli siku ile ilikuwa na programu ya kuandikia, ya hesabu, na michezo kama kumi hivi ya magari na mpira. Hazikupita wiki tatu, programu ya kuandikia ikaanza kunionyesha mstari mwekundu juu ya ukurasa kwamba haijalipiwa, kisha ikanizuia kabisa kuhariri. Niliirudisha kwa fundi, akapiga Windows upya kwa malipo mengine, akaweka programu ileile kwa njia ileile, na mstari mwekundu ukarudi kabla ya mwezi kwisha. Kuhusu michezo, mitatu tu ndiyo inayofunguka, na mmoja kati ya hiyo hufungua kurasa za kamari kila mtoto anapoubofya.

Mahitaji yangu si makubwa. Ninaandika mihtasari ya vikao vya AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika wa wakulima, na ninataka kuweka hesabu za shamba langu mwenyewe, yaani salfa ya kupulizia mikorosho, vibarua, magunia na usafiri, ambazo hadi leo zimo kwenye daftari lililoliwa na mchwa upande mmoja. Nina binti wa darasa la pili na kijana wa miaka 12, na ningependa wapate mchezo usiowaharibu. Intaneti yangu ni ya simu, kwa bando la kupima, na betri ya kompyuta imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo.

Je, zipo programu ambazo ni za bure kwa uhalali, zinazofanya kazi bila mtandao, na zitakazoendelea kuwa za bure mwezi ujao pia?

Mwalimu wa Lindi Mjini

Marahaba, ndugu Katibu, nikidhani kwamba mimi ni mkubwa wako.

Kwa kazi ya uandishi na hesabu, ondoa hiyo uliyowekewa na usakinishe LibreOffice. Hii ni programu huria, maana yake ni kwamba wenyewe wameruhusu kila mtu aitumie, ainakili na kumgawia jirani bila malipo, kwa hiyo hakuna siku itakayokutolea mstari mwekundu. Ilianza mwaka 2010, ilipojitenga na OpenOffice.org, na inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara iitwayo The Document Foundation. Ndani yake mna Writer kwa barua na mihtasari, Calc kwa hesabu, na Impress kwa maonyesho ya kwenye projekta. Faili la kusakinishia ni la megabaiti mia kadhaa, hivyo lipakue mara moja tu, ulihifadhi kwenye flashi, na wenzako wa chama walichukue hapo.

Kuna mambo matatu yaliyonisumbua mwanzoni, nawe nakuepusha nayo. La kwanza, Writer huhifadhi faili kwa umbo lake lenyewe la odt, na ukilituma hivyo ofisini, huenda anayelipokea akakurudishia akisema halifunguki. Unapohifadhi, chagua umbo la docx, ambalo ni la Microsoft Word, au ingia kwenye mipangilio ya kufungua na kuhifadhi ufanye docx kuwa chaguo la kudumu. La pili ni betri yako: hapohapo kwenye mipangilio pana sehemu ya kujihifadhi kila baada ya dakika kadhaa, ambayo huja ikiwa imewekwa dakika 10. Mimi nimeweka 2. Umeme ukikatika katikati ya muhtasari, ukirudi programu inakuuliza kama unataka kurejesha ulichokuwa unaandika, na unachopoteza ni sentensi moja au mbili.

La tatu linanifurahisha kulisema. Ukiandika Kiswahili utaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu wa mawimbi, kwa sababu programu inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Usiizime mistari hiyo kwa hasira. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Wakati wa kusakinisha chagua njia ya kujipangia mwenyewe, uhakikishe Kiswahili kimewekewa alama katika orodha ya kamusi, kisha ubadilishe lugha ya maandishi. Kamusi yenyewe haijakomaa, na majina yetu ya Kimakonde na Kimwera inayakataa yote, lakini imenikamatia makosa ambayo wanafunzi wangu wangeyacheka ubaoni. Vijana wengi hawajui kwamba jambo hili lina historia hapa nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Kwa hesabu za shamba, fungua Calc, weka tarehe katika safu A, maelezo B, idadi C, bei D, na katika E2 andika =C2*D2. Shika kile kijisanduku kidogo kwenye kona ya chini ya seli, ukiburute kuelekea chini, na mistari yote itajihesabu. Jumla yake ni =SUM(E2:E60). Ukimaliza msimu mmoja utajua salfa imekula kiasi gani, na sikuahidi kwamba utafurahi.

Fundi wa Masasi

Naunga mkono aliyosema Mwalimu, ila naomba niongeze upande wa usalama, kwa sababu nusu ya kompyuta ninazoletewa hapa zina ugonjwa huohuo.

Programu ya kulipia ikifanywa ya bure kwa kuvunjwa kufuli, kile kijiprogramu cha kuvunjia kufuli mara nyingi hakiwezi kufanya kazi mpaka uzime kinga ya kompyuta. Ndiyo maana mafundi wengi huzima Microsoft Defender kabla ya kuanza, na wakimaliza hawaiwashi tena, au wanaiambia isikague folda hiyo daima. Hizo kurasa za kamari za mtoto zimepitia mlango huo. Iwashe upya, uangalie kama kuna folda zilizowekwa kwenye orodha ya zisizokaguliwa, uziondoe, kisha ufanye ukaguzi kamili usiku kompyuta ikiwa kwenye umeme. Defender imo ndani ya Windows 10, haina malipo, na kwa matumizi ya nyumbani inakutosha; kuiongezea kinga nyingine mbili au tatu kwenye RAM ya gigabaiti 4 ni kuitwisha mashine mzigo wa bure.

Kila programu ipakuliwe kwa wenyewe. Ukitafuta VLC ya kutazamia video, tovuti ni videolan.org, na LibreOffice ni libreoffice.org. Tovuti za kati hukuwekea vitufe vitano vikubwa vya kijani vilivyoandikwa Download, na kile cha kweli ni maandishi madogo pembeni.

Sasa bando. Windows ikiona mtandao wa simu yako inaouchukua kama Wi-Fi, inadhani uko ofisini kwenye waya usio na kipimo, nayo inaanza kujipakulia masasisho hadi bando linaisha hujafungua hata barua pepe. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, ubofye jina la mtandao wa simu yako, uwashe kitufe kiitwacho Metered connection. Kuanzia hapo itaacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho bila ruhusa yako.

Jambo zito zaidi ni Windows 10 yenyewe. Usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, na haitazimika, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi tena kwa kompyuta ambayo haijaandikishwa kwenye usaidizi wa nyongeza. Nayo Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi za mkono wa pili hazina. Kwa mashine kama yako mimi ningeweka Linux Mint, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi na linakuja na LibreOffice na kivinjari cha Firefox ndani yake.

Mama wa Mikindani

Naona wote mmekimbilia ofisini, watoto mmewaacha mlangoni. Mimi nina wanne, na kompyuta ni moja, kwa hiyo naandika niliyoyaona sebuleni kwangu.

Kwa binti wa darasa la pili, anza na GCompris. Aliyeianzisha mwaka 2000 ni Mfaransa, na jina hilo ukilitamka kwa lugha yao linasikika kama wanavyosema "nimeelewa". Ina michezo midogo zaidi ya mia moja: kushika kipanya, kujua herufi kwenye kibodi, kujumlisha, kusoma saa, hata sataranji. Haina matangazo wala haiombi fedha katikati ya mchezo, jambo ambalo kwenye simu limekuwa adimu. Mpe kwanza ile ya hesabu na ya kipanya, maana haihitaji kujua lugha ya kigeni. Tux Paint nayo ni ya kuchora, na kilichonipendeza ni kwamba mtoto akihifadhi picha haulizwi jina la faili wala folda. Anabonyeza tu, picha inabaki. Mwanangu wa mwisho amechora majahazi tangu alipoijua, na kila jahazi lina bendera ya Simba.

Kuna pia TuxMath, ambayo maswali ya hesabu yanadondoka kutoka angani kama vimondo, na mtoto anaandika jibu ili kukilipua kimondo kabla hakijaangukia nyumba za pengwini. Wangu alijua jedwali la saba kwa hofu ya pengwini kuliko kwa fimbo.

Kijana wa miaka 12 atataka magari. SuperTuxKart ni mashindano ya vigari, na wanaweza kucheza wawili kwa wakati mmoja, kioo kikigawanyika. Hapa nyumbani palikuwa na ugomvi mpaka nilipogundua kwamba kwenye sehemu ya vidhibiti unaweza kuongeza kibodi ya pili, ingawa kibodi ni ileile moja: mmoja anachezea mishale, mwingine unampangia herufi za upande wa kushoto. Ikionekana kukwamakwama, punguza kiwango cha picha kwenye mipangilio. Usidanganyike kumpakulia 0 A.D. kwa sasa, ni mchezo mzuri wa dola za kale, lakini unazidi gigabaiti moja, na kwa RAM yako vita vikishakuwa vikubwa itakuwa kama kutazama picha za mnato.

Ila unaostahili kupakuliwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni OpenTTD. Ni mdogo sana kwa ukubwa na unakwenda hata kwenye kompyuta chakavu. Mchezaji anaanza na mkopo wa benki, anajenga barabara, reli, bandari na viwanja vya ndege, anasafirisha abiria na mizigo, na akikosea njia anafilisika. Kijana wangu aliuita mji wake mmoja Mtwara na mwingine Nachingwea, akaviunganisha kwa treni. Babu yake alipopita akasimama nyuma ya kiti muda mrefu, kisha akamweleza kwamba reli hiyo ilikuwapo kweli enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jioni ile kompyuta ilibaki imewashwa bila mtu.

Kijana wa Nachingwea

Nyongeza fupi. Kiwix inakuwezesha kuwa na Wikipedia ndani ya kompyuta bila intaneti. Ya Kiingereza nzima pamoja na picha inazidi gigabaiti 100, lakini ya Kiswahili ni ndogo na unaweza kuibeba kwenye flashi. Na kwa faili zilizofungashwa tumia 7-Zip, ambayo haifiki hata megabaiti 2.

Katibu wa Chikongola, Mtwara

Nashukuruni sana, na kwako Mama wa Mikindani nakushukuru kwa niaba ya pengwini pia.

LibreOffice imekubali, na muhtasari wa kikao cha Jumamosi nimeuandika humo. Tatizo limenitokea kwenye flashi. Niliitoa kwenye mashine ya duka moja la kuchapia, na nilipoichomeka nyumbani folda zangu zote zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo, kila kimoja kilobaiti 2 tu. Mihtasari ya miaka miwili imo humo. Imefutika?

Fundi, na hiyo Linux Mint, je, nikiijaribu nitapoteza vilivyomo?

Fundi wa Masasi

Haijafutika, Katibu. Kirusi kimezificha folda zako za kweli na kuweka vialama bandia mahali pake, ili ubofye na kukiamsha. Kwa hiyo usibofye hata kimoja. Iambie Defender ikague flashi kwanza. Kisha tazama flashi imepewa herufi gani. Kama ni F, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike hivi, ukizingatia nafasi kati ya maneno:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Bonyeza Enter usubiri. Folda zitatokea upya kando ya vialama. Vialama vifute, mihtasari nakili kwenye kompyuta, na kuanzia hapo ya kupeleka dukani iwe flashi nyingine yenye faili la kuchapwa peke yake, tena likiwa PDF, ambalo Writer hutengeneza kwa kitufe kilicho juu ya ukurasa.

Kuhusu Mint, unaweza kuijaribu bila kupoteza kitu. Inaandikwa kwenye flashi tupu ya gigabaiti 8 kwa programu iitwayo Rufus, na flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye mihtasari. Kompyuta ukiiwasha kupitia flashi hiyo, Mint inafanya kazi humohumo bila kugusa diski, ingawa polepole kidogo. Tazama kama Wi-Fi, sauti na kioo vinakubali. Usibofye kialama cha kusakinisha mpaka uwe na nakala ya faili zako mahali pawili, na mpaka tupate siku ambayo umeme una uhakika, kwa sababu kwa betri hiyo yako sipendi uanze kazi ambayo haitakiwi kukatikia njiani.