Naomba ushauri: medula ya unywele mweusi haisomeki kwenye hadubini

Wakuu mnaochunguza nywele za ushahidi, naombeni msaada.

Kunakili alama za magamba ya nje ya unywele hakuna shida: rangi ya kucha isiyo na rangi inapakwa nyembamba kwenye slaidi, unywele unalazwa juu, unabanduliwa rangi ikikaribia kukauka. Ukiwahi, alama zinaburutika. Ukichelewa, unywele unakatika.

Kinachonikwamisha ni medula, yaani uti wa katikati ndani ya unywele. Kwenye gliserini, inayopinda mwanga kwa 1.47 tu, unywele mnene mweusi unabaki mstari wa giza kwa sababu ya pigimenti na hewa iliyonaswa ndani. Hapo kupima upana wa medula ukilinganisha na upana wa unywele ni kubahatisha, na kipimo hicho ndicho kinachotenga binadamu (chini ya theluthi) na wanyama wengi (nusu au zaidi).

Nataka kuhamia gundi ya slaidi inayopinda mwanga kwa 1.52 hivi, inayoyeyuka kwa zailini. Mzizi wenye nyama unakatwa kwanza kwa ajili ya DNA ya kiini cha seli, huo haunipi wasiwasi. Je, shina likioshwa kwa zailini, kisha ethanoli, linafaa bado kwa DNA ya mitokondria (ile inayopatikana hata kwenye shina lisilo na mzizi)? Na hewa mnaitoaje bila kukata unywele?